Funguo za Bwana Faili

Jumanne, 4 Machi

Dada yangu, karani wa mawakili, shikamoo,

Kama kufuli zingekuwa na midomo, kila asubuhi nikipita mtaani zingeniamkia mimi kabla ya kuwaamkia wenye nyumba. Sijisifu, naeleza hali ilivyo. Juzi mwenye duka la vifaa alipoteza ufunguo wa kasha lake la chuma. Mafundi watatu walilihangaikia kutwa nzima, mmoja akatoka machozi kabisa. Mimi nilifika, nikaligonga mara moja kwa kisigino cha kiatu, nikalinong'oneza neno ambalo siwezi kukuandikia wewe mkubwa wangu, likafunguka lenyewe kwa aibu. Na shule niliiacha darasa la sita! Ningemaliza, si mngekuwa mnakuja kuniomba ruhusa ya kupumua?

Haya, umeshacheka, sasa kaa vizuri. Barua hii ameibeba dereva wa lori la saruji, na majibu mpe yeye yeye. Simu usinipigie. Siku hizi ukisema "haloo" wanaitika wawili.

Kuna agizo jipya huku. Kila fundi funguo akichonga ufunguo wa mtu, lazima achonge na wa pili wa serikali, aufunge kikaratasi chenye namba ya nyumba, aupeleke Ofisi ya Usalama. Wenye nyumba za kupangisha nao wapeleke za vyumba vyao. Eti ni kwa ajili ya moto na wagonjwa waliozimia ndani. Anayezikusanya tumempa jina Bwana Faili, maana hata akienda msalani faili liko kwapani. Nilimuuliza, "Mzee, moto ukiwaka, utaanza kuutafuta ufunguo wangu katikati ya funguo elfu mbili?" Akanijibu, "Wewe chonga. Kufikiri tuachie sisi."

Unamkumbuka fundi cherehani, yule aliyekushonea sare ya shule ikakupwaya miaka mitatu? Wiki mbili zilizopita watu wanne walifungua mlango wake mchana kweupe kwa nakala iliyopelekwa na mwenye nyumba wake. Hodi hawakupiga. Karatasi ya hakimu hawakuwa nayo. Binti yake alikuwa anaoga kwenye beseni nyuma ya pazia, na pazia walilivuta. Walipindua magodoro, wakaondoka na daftari la vipimo vya wateja. Kiuno thelathini na nne, paja ishirini na mbili, wakadhani ni lugha ya siri ya wapinzani! Mtaa mzima tulicheka daftari. Lakini yule binti hajatoka nje mpaka leo, na baba yake akipita hatucheki tena.

Sasa sikiliza akili ya mdogo wako. Tangu siku ile, kila ufunguo wa serikali ninaouchonga ni kiwete. Jino la tatu nalipitisha tupa mara moja zaidi, unene wa unywele tu. Ukiutazama ni pacha wa mwenzake. Ukiutia mlangoni unaingia kwa heshima zote, ila kuzunguka hauzunguki. Bwana Faili anaupokea, anauandika, anauning'iniza ukutani. Ana ukuta mzima wa vilema na hajui.

Na wale wanaosaini hati za wakili wako za kulipinga agizo hili nimewaambia: laleni usingizi, hakuna ufunguo hata mmoja wa ofisi ile unaofungua mlango wa mtu.

Mama anakusalimu. Anasema kula.

Ni mimi,
Baba wa Makufuli

---

Jumanne, 11 Machi

Marahaba, Baba wa Makufuli usiye hata na mke,

Nimeisoma barua yako mara mbili, mara ya kwanza nikacheka na mara ya pili nikafunga dirisha. Wewe una wazimu? Jambo kama hilo mtu hata kwenye mto wake halisemi, wewe umeshawatangazia watu kumi na wawili!

Kwa kuwa umeshaanza kuropoka, bora nikueleze yote ili ujue unachokichezea. Wakili wangu anaiomba mahakama ilifute agizo hilo. Hoja yake ni fupi: nyumba ya mtu ni ya mtu, na serikali ikitaka kuingia ipitie kwa hakimu na ipige hodi. Watu kumi na wawili wa mtaa wetu wameapa kwa maandishi. Kumi na mmoja wanasema wanaogopa kuingiliwa. Mmoja tu ndiye aliyekwisha kuingiliwa, naye ni fundi cherehani. Wakili ananiambia kila siku, "Hao kumi na mmoja ni mapambo. Kesi ni yule mshonaji."

Kesi inasikilizwa tarehe 22 Aprili. Hapa ofisini kwetu wamepekua mara mbili, kwa hiyo hati zote kumi na mbili zinakaa chumbani kwa yule mama mpiga chapa aliyeziandika, jirani wa fundi cherehani. Zikionekana kabla ya siku hiyo, wote waliosaini wanajulikana kwa majina. Unanielewa? Majina na namba za nyumba.

Swali langu kwako, wewe mwenye akili ya kunong'oneza makasha. Kama ufunguo mzima na ufunguo kiwete ni pacha, unawajuaje?

Dada yako

Kula nakula. Mwambie mama apunguze kunisimanga kupitia kwako.

---

Jumapili, 16 Machi

Dada mwoga,

Nawajuaje? Kama mzazi anavyowajua mapacha wake! Mzima unaingia mfuko wa kushoto, kiwete mfuko wa kulia. Umeona? Hiyo ndiyo siri yote, na sikuisoma chuo kikuu.

Nikusimulie ya jana ili moyo wako utulie. Mpiga chapa kaweka kitasa kipya mlangoni kwake, kimekuja na ufunguo mmoja tu. Akaniletea kibandani, ameongozana na fundi cherehani. Anataka wa pili akae nao fundi, ili siku yeye akikamatwa njiani, jirani aingie azitoe zile karatasi unazozijua. Kabla sijawasha mashine, kivuli kikanifunika. Nani? Bwana Faili, na faili lake. Akaketi kwenye kiti cha wateja, akakunja miguu.

"Endelea, kijana," akasema. "Leo nimekuja kujifunza kazi."

Mpiga chapa akawa mweupe kama karatasi zake. Fundi akaanza kuhesabu vifungo vya shati lake mwenyewe.

"Huyu mama naye ni mteja?" akauliza Bwana Faili.

"Mteja, mzee."

"Basi na wangu uchonge hapahapa, niondoke nao. Nikupunguzie safari."

"Serikali kwanza, mzee," nikamwambia. "Soda unywe?"

Dada, ungeniona! Nilichonga mbili puani kwake. Ule wa serikali nikaupitisha tupa kwenye jino la tatu huku ananitazama, nikamwambia naondoa makali asije akajikata vidole vyake vya ofisini. Akacheka! Nikazipangusa zote mbili kwa kitambaa, nikafunga kikaratasi, nikampa yeye wake, nikampa fundi wake. Mfukoni sikuweka, ningewezaje kujitia mfukoni mbele ya mtu wa serikali? Jasho halikunitoka hata tone. Alipoondoka, mpiga chapa alinishika mkono akasema, "Mwanangu, wewe utaniua kwa presha."

Wakili wako akitaka msaidizi mwenye roho ngumu, mimi nipo. Mshahara tutazungumza.

Ni mimi,
Mfuko wa Kulia

---

Alhamisi, 27 Machi

Mdogo wangu,

Naandika haraka, dereva ananisubiri chini na injini inanguruma.

Mpiga chapa alifika hapa jana na basi la asubuhi, na viatu visivyofanana. Juzi Jumanne, yeye akiwa kazini, waliingia chumbani kwake. Hati zote kumi na mbili wamezichukua. Mlango hawakuvunja. Kitasa kizima, hakina hata mkwaruzo, na walipotoka walifunga tena kwa ufunguo kama watu waliolelewa vizuri. Aligundua alipofungua kabati.

Jana hiyohiyo wameitwa watatu. Wawili wamerudi, hawazungumzi na mtu. Wa tatu, mwalimu mstaafu, hajarudi. Mkewe amepeleka nguo na dawa zake za sukari, nguo zikapokelewa, dawa zikarudishwa.

Wakili aliuliza swali moja tu: funguo za mlango ule ziko ngapi? Mpiga chapa akasema tatu. Mmoja anao yeye shingoni. Mmoja uko ofisini, na huo, kwa maneno yako mwenyewe, haufungui. Wa tatu anao fundi cherehani.

Alipoutaja huo wa tatu alifunika uso. Wamekaa ukuta mmoja miaka kumi na minane.

Nijibu. Una hakika na ule wa ofisi? Usinijibu kwa utani.

Dada yako

---

Jumatatu, 31 Machi

Dada,

Hakika ninayo. Mimi? Wewe unamuuliza nani? Nimechonga funguo tangu sijaota ndevu. Niliupitisha tupa mbele ya macho ya watu watatu, na mmoja wao ni mpiga chapa mwenyewe, mwulize.

Mimi sisemi ni fundi. Sijasema. Lakini mtu mwenye binti anaweza kubanwa. Labda walimwambia, tupe ufunguo au tunarudi nyumbani kwako. Mtu wa namna hiyo ni wa kuhurumiwa, na mimi namhurumia. Watu huku hawamhurumii. Juzi waliokuwa wamepeleka nguo zao kushonwa walikwenda kuzichukua nusu, nyingine hazina mikono, nyingine hazina kola. Mama yetu naye kachukua gauni lake. Nilimwambia, "Mama, si ungemwacha amalizie pindo?" Akanijibu, "Pindo nitashona mwenyewe. Wewe mbona siku hizi huli?"

Mashine yangu inasumbua kidogo, ndiyo maana barua ni fupi.

Mdogo wako

---

OFISI YA USALAMA WA MTAA
3 Aprili

Kwa: Fundi Funguo, Kibanda Namba 17

YAH: UPUNGUFU KATIKA NAKALA ZA FUNGUO

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

2. Ofisi imezifanyia majaribio nakala ishirini na sita ulizowasilisha mwezi Machi. Nakala ishirini na tano hazikufungua milango husika. Nakala moja, iliyopokelewa kwa mkono tarehe 15 Machi, ilifungua bila tatizo lolote.

3. Kwa hiyo imebainika kwamba uwezo wa kuchonga kwa usahihi unao, ila unautumia unapopenda.

4. Unaagizwa kuwasilisha upya nakala zote ishirini na tano kabla ya saa kumi jioni, tarehe 18 Aprili. Ukishindwa, leseni yako itafutwa na utajieleza mbele ya Kamati.

5. Ofisi inakushukuru kwa ushirikiano wako, hasa kwa ile nakala moja.

Afisa Msimamizi wa Nakala

---

Jumanne, 8 Aprili

Mdogo wangu,

Umekaa kimya, nami sijazoea kimya chako. Ukiwa na miaka minne ulilala na surua wiki nzima na bado ulikuwa unajisifu kwamba vipele vyako ni vikubwa kuliko vya watoto wengine.

Hali ndiyo hii. Wakili ameamua kumwondoa fundi cherehani kwenye orodha ya mashahidi. Anasema hawezi kumsimamisha mbele ya hakimu mtu ambaye wenzake kumi na mmoja wanaamini amewauza, maana upande wa serikali utamuuliza swali hilo la kwanza na yeye atakwama. Nikamuuliza, bila yeye tunabaki na nini? Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Alipofuta miwani hivyo mara ya mwisho tulishindwa kesi.

Saba kati ya wale kumi na mmoja wameandika kujitoa. Siwalaumu. Mwalimu hajarudi.

Jana fundi mwenyewe alikuja. Amepanda mabasi mawili. Hakukaa kwenye kiti nilichompa, alisimama na kofia mkononi kama aliyekuja kuomba kazi. Akatoa ufunguo akauweka mezani kwa wakili.

"Huu ndio niliopewa," akasema. "Mkaujaribu. Hauzunguki. Tangu siku ya kwanza hauzunguki."

Wakili akamuuliza, "Kwa nini hukusema mapema?"

"Nilisema. Nilimrudia aliyeuchonga, siku ya kazi iliyofuata. Alinambia mkono wangu ndio mbovu."

Wakili hakumwamini. Alisema ufunguo wowote mtu anaweza kuukwaruza nyumbani kwake kwa tupa akajitengenezea ushahidi, na kwamba fundi wa funguo wa mtaa ule ana sifa ambayo hata mapolisi wanaitaja. Sifa hiyo ni yako. Mimi ndiye niliyekusifia hapa ofisini, mwezi mzima.

Fundi alipokuwa anatoka nilimfuata kwenye ngazi. Nikamwuliza binti yake yuko vipi. Akasema, "Anauliza mahakama ni lini. Ameshajishonea gauni la kuvaa siku hiyo. Sijamwambia bado."

Sina la kukufundisha. Nakuuliza jambo moja, na safari hii sitaki jina la kuchekesha mwishoni mwa barua. Ni kweli alikuja kwako?

Dada yako

---

Jumamosi, 12 Aprili

Dada,

Barua hii nimeianza mara nne. Tatu zilianza kwa mzaha, nikazichoma kwenye jiko la mama, akaniuliza kama sasa nachoma na mafaili ya Bwana Faili.

Ndani ya bahasha utakuta barua ya ofisi ya tarehe 3. Mpe wakili aya ya pili aisome taratibu. Wameandika wenyewe, kwa mhuri wao, kwamba nakala ya tarehe 15 ilifungua. Siku hiyo niliwachongea nakala moja tu, na mlango ni mmoja tu. Ule uliowekwa mezani kwake na fundi autazame kwa kioo cha kukuzia, jino la tatu. Ile alama haikukwaruzwa nyumbani kwa mtu. Ni tupa yangu, ina pengo upande mmoja, inaacha mistari miwili na nafasi katikati. Nimefunga na kipande cha shaba nilichokipitisha tupa hiyohiyo leo asubuhi, ailinganishe.

Mwambie niko tayari kuapa. Najua nitakachokuwa nakiapa: kwamba nimeidanganya serikali mara ishirini na tano. Tarehe 18 kibanda watakifunga, na nisipokwenda kwenye Kamati watanifuata. Zile ishirini na tano sitazichonga upya. Hilo ni moja ambalo nimelifanya sawasawa, na nikiulizwa nitasema nalirudia kesho. Ila wakili afanye haraka anipate nikiwa bado nje, kama kiapo cha mtu aliye ndani hakina nguvu. Mimi sheria sijui.

Mama nimemwambia. Amelichukua gauni lake amelirudisha kwa fundi, amekaa huko mpaka sasa.

Swali lako. Ndiyo, alikuja.

Ilikuwa Jumatatu asubuhi, tarehe 17. Kibandani walikuwapo watu watano au sita, na mimi nilikuwa nawasimulia jinsi nilivyomchongea Bwana Faili puani kwake, nimesimama juu ya kigoda kabisa. Fundi alisubiri nimalize. Akanisogelea, akasema kwa sauti ya chini, ili wasisikie, "Mwanangu, huu ufunguo unaingia lakini hauzunguki."

Unaingia lakini hauzunguki. Ni maneno yangu mimi, dada. Nilielewa pale pale, hata kabla hajafunga mdomo. Nilizipangusa zote mbili kwa kitambaa kimoja, na jasho, nilikudanganya, lilinitoka mpaka kwenye soksi. Nikazichanganya. Kiwete nikampa jirani. Mzima nikampa serikali kwa mkono wangu, na kikaratasi juu.

Watu wananitazama. Nikamwambia kwa sauti, "Mzee, wewe umezoea sindano. Ufunguo unataka mkono wa mwanamume." Wakacheka wote. Yeye naye alitabasamu, akautia ule ufunguo mfukoni, akaniaga vizuri.

Nilipanga kwenda jioni yake kwa mpiga chapa kumbadilishia kitasa. Ni kazi ya robo saa, kitasa ninacho, kipo hapa rafuni. Ila angeniuliza kwa nini, na ningelazimika kusema nimekosea. Nikasema kesho. Jumanne nikasema kesho. Waliingia tarehe 25. Nilikuwa na siku nane, na kila siku katika hizo nilijua ufunguo wao unafungua. Kisha mtu asiye na kosa akaitwa msaliti, nami nikakuandikia wewe kwamba namhurumia.

Kukosea kuchonga kungemtokea yeyote. Mimi nilijua, nikanyamaza.

Mdogo wako